Tulipanda Emei kuona Buddha wa dhahabu, tukaona miguu ya ndovu

Wale mnaonijua mnajua kazi yangu ni spea za bodaboda, cheni, sproketi, kebo za klachi, taa, vitu kama hivo, na mara moja au mbili kwa mwaka lazima niende Chongqing kule Uchina manake huo mji umejaa viwanda vya pikipiki, ukitaka cheni ya bei nzuri bora umfuate mwenyewe anayeitengeneza. Mwezi wa tano nilienda na mjomba wangu. Sokoni Kampala kila mtu anamwita Hajji na hata mimi mbele ya wateja namwita Hajji, tukibaki wawili ni mjomba. Tukafika, tukalipa nusu, kiwanda kikasema mzigo utakuwa tayari Jumatatu. Jumatatu ikawa Ijumaa. Si unajua hayo mambo. Siku nne za kukaa hotelini tunaangalia ukuta, na mjomba akikaa bila kazi anaanza kukusimulia bei za plagi za mwaka 1998, moja moja, nikaona bora tutoke.

Msichana wa mapokezi ndo alinionyesha picha kwenye simu yake. Sanamu ya dhahabu juu ya mlima, chini yake mawingu meupe kama pamba imemwagwa, mbingu bluu ile ya kupaka rangi. Mlima Emei. Nikampelekea mjomba simu. Akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Mlima?" akasema. "Mimi nimezaliwa chini ya Masaba, huo mnaouita Elgon, mita 4,321, hujawahi kunipeleka hata Budadiri pale wanapoanzia kuupanda, leo unataka nipande treni nikaone mlima wa Wachina?"

Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Tena kuna masanamu."

Hapa niwaeleze kidogo. Mama yangu alizaliwa Muislamu akaolewa na baba Mkatoliki, kwa hiyo mimi Krismasi nakula na Idi nakula, lakini mjomba yeye ni wa msimamo, ameenda Maka, hana mchezo. Nikamwambia mjomba tunaenda kuangalia tu, hakuna anayepiga magoti. Akasema sawa, kuangalia tu. Lakini kofia yake aliitoa kichwani akaiweka kwenye begi, akaitoa tena akaivaa, akairudisha, mwisho akaondoka nayo kichwani.

Treni ya kasi kutoka Chongqing mpaka Chengdu ni kama saa moja na nusu hivi, unabadilisha, ingine kama hiyo mpaka stesheni ya Emeishan. Ijumaa jioni hapa kwetu huo muda unaumaliza kati ya Kampala na Mukono. Njiani nikawa namsomea mjomba vitu kwenye simu, kwamba Wabuddha wa Uchina wana milima minne mitakatifu, Wutai, Putuo, Jiuhua na huu Emei, na kila mmoja una bodhisatva wake. Akauliza bodhisatva ndo nani. Nikamwambia vile nilivyoelewa, ni mtu aliyefika mlangoni kabisa, akakataa kuingia mpaka wengine wote waingie kwanza.

Mjomba akafikiri.

"Kama konda," akasema.

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo na nimesoma mengi tangu nirudi. Konda wa Emei sasa anaitwa Puxian, jina lake la Kihindi cha kale ni Samantabhadra, na sifa yake ni matendo, yaani siyo kujua tu, ni kufanya. Anapanda ndovu mweupe mwenye pembe sita. Kumbukeni huyo ndovu. (Na kabla hamjaniuliza, Wabuddha hata Uganda wapo, pale Garuga karibu na Entebbe kuna hekalu lao lilianzishwa 2005 na mtawa Mganda mwenzetu, Bhante Buddharakkhita, ila wale ni wa tawi la Theravada na hawa wa Emei ni wa tawi la Mahayana, msichanganye.)

Tulilala gesti moja chini karibu na hekalu la Baoguo. Asubuhi tiketi ya kuingia mlimani yuan 160 kila mtu, kama elfu themanini hivi za kwetu, mjomba akataka kupunguziwa. Kwenye dirisha la serikali! Nikamvuta mkono.

Sasa mlima wenyewe. Mimi nilidhani mlima mtakatifu ni kitu kikavu, mawe na upepo. Huu ni msitu. Unyevu unadondoka kutoka kila jani, mawe yamevaa kuvu la kijani kama zulia, mianzi, miti mirefu hujui inaishia wapi, na mwezi wa tano kuna mti mmoja huko unachanua maua meupe mawili mawili yananing'inia kama leso mtu amezianika akazisahau, Wazungu waliufuata mpaka huko zamani wakabeba mbegu kupeleka kwao. Wanasema Emei ina aina za mimea zaidi ya 3,000 na mimi siwezi kubisha, ila nilitambua mmoja tu, majani ya chai. Chai yao inaitwa Zhuyeqing, unatiliwa kwenye glasi na majani yanasimama wima ndani ya maji kama watu kwenye foleni. Hakuna maziwa, hakuna sukari. Mjomba aliinusa, akainywa, akasema ni dawa.

Kuna mahali panaitwa Qingyin, mito miwili inakutana, mmoja wanauita joka jeusi mwingine joka jeupe, na katikati pale inapogongana kuna jiwe kubwa jeusi limelainika kabisa, wanaliita moyo wa ng'ombe, juu yake wamejenga kibanda cha paa lililopinda. Kelele ya maji pale huwezi kuongea. Tulikaa nusu saa. Mjomba ambaye haachi kuongea hata kwenye mazishi alikaa kimya nusu saa, nawaambia ukweli.

Halafu nyani. Mbele ya Qingyin kuna sehemu wanakaa nyani wa huko, wakubwa, wanene, mkia mfupi kama kidole gumba, nyuso za wazee wa baraza. Kila mahali kuna mabango yana picha ya nyani na begi, hata kama hujui Kichina unaelewa. Mimi nilikuwa nimebeba simsim zile za mviringo za kwetu, nilitoka nazo Kampala, zimebaki tano kwenye mfuko wa pembeni wa begi la mjomba. Nyani mmoja alikuja taratibu, hakukimbia, hakupiga kelele, akashika zipu akaifungua. Akaifungua! Hakurarua. Akatoa kile kifuko, akanusa, akakaa juu ya ukuta mita mbili kutoka kwetu akala simsim zetu moja moja akituangalia usoni. Mjomba akamwambia "We mwizi" kwa Kiswahili, na nyani akamwonyesha meno. Mama mmoja anayeuza fimbo za mianzi alikuja kutuuzia fimbo baada ya mambo kuisha. Biashara ni kujua saa.

Kutoka hapo kwenda hekalu la Wannian ni ngazi. Nataka niwaambie kuhusu hizi ngazi manake picha za mtandaoni hazizionyeshi. Ni mawe, yamekatwa, yamelala, yanapanda, yanapinda, unafika kona unasema nimefika, unakuta zingine. Hazina usawa, moja fupi, moja mpaka kwenye goti. Na goti la mjomba la kushoto ni bovu tangu ajali ya 2011. Baada ya kama nusu saa akakaa. Wakatokea vijana wawili, sijui niwaite vijana manake mmoja alikuwa na mvi, wana kiti cha kitambaa kimefungwa kwenye miti miwili ya mianzi, wanaweka mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma, wewe unakaa katikati unaning'inia. Wakamwonyesha mjomba kiti.

"Mimi nibebwe?" akasema. "Bado sijafa."

Nikamwambia mjomba, goti.

"Hata jeneza linabebwa na wanne. Hawa wawili watanimwaga bondeni."

Tukapanda ngazi zingine labda mia. Wale jamaa wakatufuata nyuma polepole bila kusema kitu, kama boda anayejua utachoka. Mjomba akakaa tena. Akawaangalia. Wakaonyesha bei kwa vidole, yeye akaonyesha yake, wakacheka, wakashusha, akapandisha, dakika kumi nzima kwa vidole tu, na nikaona mjomba amefurahi kwa mara ya kwanza toka tufike Uchina. Akapanda. Akafumba macho, mikono imeshika mianzi, midomo inatembea, najua alikuwa anasoma dua. Yule wa mbele alikuwa amevaa viatu vya turubai vimechoka na kila akikanyaga anatoa pumzi na sauti ndogo, hm, na wa nyuma anajibu, hm, hawakukosea hata ngazi moja. Walipomshusha juu aliwalipa waliyopatana halafu akaongeza ingine. Mimi nikashangaa manake huyu mtu haongezi. "Hawa ni boda," akasema, "ila injini ni wao wenyewe."

Kwenye zile ngazi ndo tulipishana na bibi mmoja, mfupi, mgongo umepinda, begi la njano la kitambaa limejaa vijiti vya udi, fimbo mkononi. Yeye hakubebwa. Alitupita. Alipopita akasema "Amituofo," ndo salamu yao, ni jina la Buddha wao Amitabha, na mjomba bila kufikiri akajibu "Alhamdulillahi," bibi akatikisa kichwa kama ameelewa akaendelea kupanda.

Wannian yenyewe jina lake maana yake ni miaka elfu kumi, mfalme Wanli alilitoa kwa heshima ya mama yake. Ndani kuna chumba cha matofali kilijengwa 1600, chini mraba, juu duara, hakina boriti hata moja, wala nguzo. Mjomba aliingia. Alisema hataingia, halafu akaingia. Na pale ndani akawa hana la kusema manake kuna ndovu. Shaba. Anasimama na pembe zake sita, juu yake ua la yungiyungi, juu ya ua Puxian amekaa, vyote pamoja zaidi ya mita 7 kwenda juu na uzito tani 62. Kimetengenezwa mwaka 980. Mjomba ni mtu wa chuma, ameuza chuma maisha yake yote, akawa anazunguka anaangalia maungio. "Tani 62," akasema, "na mlima huu, na hakuna lori." Akainamisha kichwa kuangalia miguu ya nyuma. Mtawa aliyekuwa pale akadhani anasujudu, akamtabasamia, na mjomba akasimama wima haraka kama askari.

Chakula tulikula hapo hapo hekaluni, na hii nisiache. Nilikuwa nimemwambia mjomba atulie, watawa hawali nyama kabisa, kwa hiyo hakuna nguruwe, mlima mzima hauna mahali salama zaidi ya meza yao (mjini tulikuwa tunatafuta mikahawa ya Waislamu wa huko, ile yenye maandishi ya Kiarabu kwenye kibao cha kijani, tambi zao tamu sana). Sahani ikaja. Vipande vyembamba, juu vyekundu, katikati mstari mweupe wa mafuta, chini kahawia, vimepangwa vizuri, nguruwe mtupu. Mjomba akasukuma kiti nyuma. Nikaita mhudumu, nikafungua programu ya kutafsiri, nikauliza hii ni nini, yeye akacheka mpaka akashika meza, akaandika: soya. Hata ule mstari wa mafuta ni soya. Mjomba akauliza swali ambalo mpaka leo sina jibu: "Kama hawataki nyama, kwa nini wanaichora?" Tukala. Kuna pilipili ya huko Sichuan inafanya mdomo ufe ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno, tukawa tunaongea tunadondosha maneno.

Na jioni kabla hatujashuka, kwenye dimbwi la pale hekaluni, vyura. Vyura wa Emei hawalii kama wetu, wanatoa sauti ya nyuzi, tin, tin, tin, mmoja anaanza mwingine anapokea, ungedhani kuna mzee wa Kigisu amekaa nyuma ya ukuta na litungu lake. Nilirekodi. Kwenye simu inasikika kama mvua tu.

Siku ya pili ndo kilele, ile picha ya mapokezi. Basi linapanda masaa karibu mawili mpaka Leidongping, kona kama za Kapchorwa, mama mmoja nyuma alitapika na mwanaye akafuata. Tunashuka, ukungu. Siyo ukungu wa kusema kuna ukungu leo, ni ukungu wa kunyoosha mkono ukapotea kiwiko. Na baridi. Pale wanakodisha makoti manene ya pamba, tukakodi mawili mekundu, mjomba akawa kama mtungi wa gesi wenye kofia. Unatembea ngazi zingine mpaka kwenye gari la kamba, yuan 65, linakuvuta juu ndani ya weupe, husikii kitu, huoni kitu, watu wote mle ndani wamenyamaza wamebeba kamera zao.

Juu panaitwa Kilele cha Dhahabu, karibu mita 3,080. Ile sanamu ni ya Puxian, ilimalizwa 2006, ina nyuso pande zote kumi, urefu mita 48 kwa ajili ya nadhiri 48 za yule Amitabha wa salamu. Mita 48 jamani, hilo ni jengo la ghorofa kumi na kitu. Tulikwenda kwa ngazi pana zenye ndovu weupe wa mawe kila upande, ndovu mmoja anatokea kwenye ukungu, unampita, anatokea mwingine, na nikajua tumefika pale ngazi zilipoisha na tukakuta miguu ya ndovu wakubwa kuliko wote wa nyuma. Miguu. Mpaka kwenye magoti labda. Juu ya hapo nyeupe.

Tukasubiri. Saa moja. Saa mbili. Kule juu wana kitu wanaita nuru ya Buddha, jua likiwa nyuma yako na mawingu chini ya jabali mbele yako unaona kivuli chako mwenyewe kimezungukwa na upinde wa mvua, ni mwanga unacheza na matone ya maji tu, lakini mahujaji wa zamani walidhani wanaitwa na wengine walijirusha, na lile jabali jina lake mpaka leo ni la kujitoa mwili. Sisi hatukuwa na jua la kutuletea kivuli. Mnyororo wa kando ya jabali umejaa kufuli za wapenzi, maelfu, zina kutu, funguo wametupa bondeni. Mjomba akashika moja akaangalia chapa yake.

Saa ya swala akatoa simu akatafuta kibla. Kwetu Uganda tunaelekea kaskazini, huko ni magharibi, akatafuta kona kavu nyuma ya kibanda cha vinywaji akatandika lile koti jekundu, na mimi nikasimama kumkinga na upepo.

Nikiwa pale ndo niliwaona. Akina mama wa vijiji, wazee, labda thelathini, mabegi ya njano kama ya yule bibi wa jana, viatu vya matope hivo wametembea. Wanazunguka ile sanamu ambayo haionekani. Kila pembe wanasimama, udi vijiti vitatu paji la usoni, wanainama mara tatu kwenye ukungu, wanaendelea. Hakuna aliyeinua kichwa kuangalia kama kumefunguka. Sisi wenye kamera tulikuwa tunalalamika kama watu waliokatiwa umeme siku ya fainali. Nikakumbuka mwaka nilipotembea kutoka Jinja mpaka Namugongo kwa hija ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, siku mbili, malengelenge miguuni, na siku yenyewe sikuona altare wala askofu, niliona mgongo wa mama mmoja kutoka Kenya na spika iliyofungwa kwenye mti. Na nikarudi nyumbani nikasema nimehiji.

Mjomba alimaliza, akakunja koti. Nikamwambia pole mjomba, umelipa bure.

"Nimeona miguu," akasema. "Ya jana nilikagua miguu, ya leo nimekagua miguu. Mafundi ni walewale." Si kweli, kati ya kazi hizo mbili kuna miaka zaidi ya elfu, lakini sikumbishia.

Nikampiga picha pale pale, koti jekundu, kofia nyeupe, nyuma yake nyeupe tupu na kipande cha goti la ndovu ambacho ukikiangalia haraka ni mwamba wa kawaida. Nikamtumia mama kwa WhatsApp, yeye yuko Mbale, chini ya mlima wa Wanale. Nikiwa kwenye basi la kushuka akajibu kwa sauti, amekasirika kweli, nikaiweka mjomba asikie: "Yaani mmerudi lini? Mko Wanale na huyo kaka yangu na mvua yote hiyo, hata kupita nyumbani kusalimia mmeshindwa?"